Mutisya Munge: Alienda vitani, akarudi na ufundi

Ukiona kinyago cha twiga kikiuzwa Nairobi au Mombasa, jua ufundi huo una mwanzilishi. Ni Mutisya wa Munge, mwana wa Wamunyu, Machakos.

Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vilimpeleka nchi ambayo leo ni Tanzania, kuwatumikia Waingereza. Wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Mutisya huko aliona watu wakichonga vinyago, akajifunza kwa macho.

Aliporudi nyumbani alianza kuchonga vya kuuza. Jamaa na majirani wakafuata, ufundi ukaenea Ukambani na kufika hadi Changamwe, Mombasa.

Kazi yenyewe haina mchezo. Tezo hutoa umbo, kisu hufuata, msasa humaliza. Ukikata ukingo kupita kiasi, basi, haurudi.

Leo mhugu umeadimika, wachongaji wamegeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Kwa hivyo ukienda ushago, tuseme Nunguni, na ukute mwembe uliochoka kuzaa shambani kwa susu, usikimbilie kuchoma makaa. Hebu uliza kwanza nani anajua kushika tezo.