Langmuir na Kimbunga Kilichogeuka

Wanachuo wenzangu, juzi pale kimbweta tulibishana mpaka chai ikapoa: je, binadamu anyunyizie chembechembe angani ili zirudishe miali ya jua na kupunguza joto la dunia? Mimi nilikuwa upande wa ndiyo. Kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja tu. Ukikosa umekosa, na mama anategemea shamba. Kisha nikasoma maisha ya Irving Langmuir, nikapunguza sauti.

Langmuir alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka 1881. Alisoma Columbia, kisha Göttingen, Ujerumani, alikopata udaktari mwaka 1906. Mwaka 1909 aliajiriwa katika maabara ya General Electric, Schenectady. Jamaa hakuwa wa mchezo: aliboresha balbu kwa kuitia gesi, na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Alipozeeka akahamia mawinguni. Novemba 1946 mwenzake wa maabara, Vincent Schaefer, alipanda ndege akamwaga barafu kavu juu ya wingu huko Massachusetts, theluji ikaanguka. Langmuir akaona mlango umefunguka: binadamu ataitawala hali ya hewa.

Oktoba 1947 mradi wao na jeshi, ulioitwa Cirrus, ulimwaga kilo 80 hivi za barafu kavu kwenye kimbunga kilichokuwa baharini kikiiacha pwani. Kimbunga kikageuka, kikapiga Georgia, karibu na Savannah. Watu wakaja juu, wakatishia kwenda mahakamani. Langmuir mwenyewe aliamini ni kazi yao. Baadaye wataalamu wa hali ya hewa walionyesha kuwa kilianza kugeuka kabla hakijaguswa.

Cha ajabu, mwaka 1953 huyohuyo alitoa mhadhara kuhusu jinsi wanasayansi wanavyojidanganya kwa kuona wanachotamani kukiona. Lakini kuhusu mawingu yake hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1957.

Kinachonisumbua ni wale watu wa Savannah. Nyumba zilipigwa, na siku ile hakuna aliyeweza kuwaambia kwa uhakika kama ni Mungu au ni ndege. Na kabla ya hapo hakuna aliyewauliza. Hicho kilikuwa kimbunga kimoja; leo tunazungumzia anga ya dunia nzima. Mwaka 2024 suala hili lilifika Nairobi, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, mataifa yakashindwa kuelewana, na nchi za Afrika zilikuwa miongoni mwa zilizopinga.

Sijahamia upande wa hapana. Mama bado anatazama mawingu. Ila tukikutana tena kimbweta nitaanza na swali hili: mvua ya Dodoma ikigeuzwa njia, mama yangu atamshtaki nani, na atathibitishaje?