Ydnekatchew Tessema: Mshambuliaji aliyehamia vikaoni na kuipigania Afrika

Machi 16, 2017 Zanzibar ilishangilia ushindi ambao haukupatikana uwanjani. Mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) uliofanyika Addis Ababa uliipitisha kuwa mwanachama wa 55. Raha yenyewe haikudumu. Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili ndani ya CAF.

Ndiyo hapo mashabiki wengi, kuanzia Chake Chake hadi Makunduchi, walipoelewa kuwa mpira una uwanja wa pili, nao ni ukumbi wa mikutano.

Na katika jiji hilohilo la Addis Ababa aliishi mtu ambaye uwanja huo wa pili aliucheza kuliko karibu Mwafrika yeyote. Anaitwa Ydnekatchew Tessema. Wengi wa vijana wanaojaza Gombani leo hawajawahi kulisikia jina lake.

Alizaliwa Septemba 11, 1921 huko Jimma, kusini magharibi mwa Ethiopia. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji aliyewahi kwenda Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kurekodi nyimbo kwa Kiamhari. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo dunia ya nje haikuwa kitu kigeni.

Mpira aliuchezea Saint George, timu iliyoanzishwa Addis Ababa mwaka 1935. Miezi michache tu baadaye Italia ikaiteka nchi, na Waethiopia wakawa wanacheza chini ya mkoloni, kwa masharti yake. Ydnekatchew alikuwa bado kijana mdogo. Alibaki Saint George zaidi ya miaka 20, na anahesabiwa magoli zaidi ya 300. Mshambuliaji kweli kweli.

Wengi wangeishia hapo: magoli, sifa, halafu kijiwe cha kusimulia enzi zile.

Yeye akiwa bado anacheza akaanza kazi nyingine. Waitaliano walipoondolewa mwaka 1941, michezo ya Ethiopia haikuwa na mwenyewe. Akiwa na miaka 20 na kidogo, akawa miongoni mwa walioshika kalamu na kuanza kuipanga. Shirikisho la soka la nchi likaundwa mwaka 1943, na mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya timu tano. Ukiziangalia timu hizo unaliona jiji zima: Saint George ya Waethiopia, na nyingine za Waitaliano, Wagiriki, Waarmenia na wanajeshi wa Uingereza.

Hebu fikiria kuendesha ligi ya namna hiyo. Jana mlikuwa vitani, leo mnagombania kona na penalti. Aliyeweza kukaa na watu wote hao na bado wakamwamini alikuwa ameshapata elimu ambayo hakuna chuo kingempa.

Mwaka 1947 Ethiopia ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa na kuifunga Somalia ya Kifaransa, Djibouti ya sasa, mabao 5-0. Ydnekatchew alikuwa wa kizazi hicho cha kwanza cha timu ya taifa. Kilichombeba zaidi baadaye, lakini, ni lugha. Alikimudu Kifaransa na Kiingereza pia, na katika bara lililogawanywa na wakoloni wa lugha hizo mbili, mtu wa kuzungumza na pande zote alikuwa dhahabu.

Juni 1956, wakati wa mkutano mkuu wa FIFA mjini Lisbon, wajumbe wachache wa Afrika walikutana pembeni, hotelini, wakakubaliana kuunda chombo chao. Februari 1957 wakakutana tena Khartoum: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. CAF ikazaliwa, na Ydnekatchew alikuwa mmoja wa waasisi.

Mtihani wa kwanza ukaja palepale. Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya wazungu watupu au ya weusi watupu, si mchanganyiko. Wenzake wakakataa. Mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika yakachezwa na nchi tatu tu. Ethiopia ikaingia fainali bila kutoka jasho, ikachapwa 4-0 na Misri, magoli yote ya mtu mmoja, Ad-Diba.

Kisasi kilichukua miaka mitano. Januari 1962 mashindano yalifanyika Addis Ababa, Ydnekatchew akiwa kocha. Kwenye fainali Ethiopia iliwafunga Wamisri haohao 4-2 baada ya dakika za nyongeza, na nahodha Luciano Vassalo akapokea kombe mbele ya Mfalme Haile Selassie. Mpaka leo hilo ndilo kombe pekee la AFCON la Ethiopia.

Lakini vita yake kubwa ilikuwa na FIFA yenyewe.

Kwa Kombe la Dunia la 1966, FIFA iliamua Afrika, Asia na Oceania zigombanie nafasi moja. Moja tu! Ydnekatchew na Ohene Djan wa Ghana wakasukuma msimamo mgumu: ikiwa ni hivyo, Afrika haichezi. Nchi za Afrika zikajitoa kwenye mechi za kufuzu. FIFA ikatoa faini, ila iliusoma ujumbe. Mwaka 1970 Afrika ikapewa nafasi yake kamili, Morocco ikaenda Mexico.

Hapa ndipo neno "konekisheni" linapata maana nyingine. Kwa vijana wengi wa Pemba, Wete au Mkoani, konekisheni ni kumjua mtu wa kukuingiza timu ya Dar. Djan na Ydnekatchew walijuana kwa kazi, kikao baada ya kikao. Siku ya kuamua ilipofika, hakuna aliyehitaji kumbembeleza mwenzake.

Mwaka 1972 akachaguliwa rais wa CAF. Miaka miwili baadaye, kura za Afrika zilichangia sana kumwangusha Stanley Rous, rais Mwingereza wa FIFA aliyeonekana kuilinda Afrika Kusini, na kumpandisha João Havelange wa Brazil. Afrika Kusini ikafukuzwa FIFA mwaka 1976. Kombe la Dunia likapanuliwa hadi timu 24, na mwaka 1982 Afrika ikapeleka mbili: Algeria na Cameroon.

Msimamo huo dhidi ya ubaguzi ulikuwa na bei, na Watanzania waliilipa. Mwaka 1976 nchi zaidi ya 20 za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya ragbi Afrika Kusini. Filbert Bayi, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia. John Walker wa New Zealand akachukua dhahabu. Bayi hakuwahi kuipata.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Mwaka 1974 mfalme alipinduliwa na wanajeshi, wakubwa wengi wa zamani wakapotea. Ydnekatchew alibaki kwenye kiti chake CAF, na mwaka 1976 Ethiopia ikaandaa tena AFCON.

Hakuwa mtu rahisi. Alipinga matangazo ya pombe na sigara kwenye mashindano ya CAF wakati fedha zilikuwa haba, na hakufurahia wachezaji kukimbilia Ulaya. Kwa muda mrefu sheria iliruhusu kila timu kuita wawili tu wa nje kwenye AFCON, mpaka ilipoondolewa mwaka 1982. Leo ingewaacha nje karibu mastaa wote. Tena alikaa madarakani miaka 15, hadi kifo. Mrithi wake, Issa Hayatou, alikaa 29, akaja kuangushwa kwenye mkutano uleule wa Addis Ababa ulioipokea Zanzibar.

Ydnekatchew alifariki Agosti 19, 1987. Afrika Kusini ilirudi kwenye soka ya kimataifa mwaka 1992, safari hii na timu ya rangi zote, na mwaka 1996 ikachukua kombe la AFCON nyumbani kwake.