Sam Ntiro (1923–1993): Mchoraji Aliyesoma Sanaa ya Waliomtangulia

Mtahiniwa, usiiruke mada hii kwa kudhani kuwa alama zote za Sanaa za Ufundi zimo kwenye penseli na rangi. Anzia nyumbani. Ukiwa Kihesa, Iringa, Igeleke si mbali. Kwenye mwamba wake kuna michoro myekundu ya kale ya watu na wanyama. Waliochora hawakuhangaika na vivuli wala umbali, lakini mnyama unamtambua mara moja. Shika jambo hilo, litakusaidia kumwelewa Ntiro.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alisoma Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Mama huyu hakutaka wanafunzi wanakili picha za Ulaya; aliwasimulia tukio, kisha kila mmoja akachora alichokiona akilini. Tena, Trowell aliwahi kusimamia Makumbusho ya Uganda, ambayo miaka hiyo yaliwekwa Makerere. Kazi za mafundi wa kale zilikuwa karibu na wanafunzi, zikatazamwa kama somo.

Mwaka 1952 Ntiro alikwenda London, shule ya Slade, hadi 1955. Hapa ndipo penye uzito. Kijana aliyefika huko bila kujua kuwa sanaa ya kwao nayo ina historia angeweza kuiona njia ya Ulaya kuwa ndiyo pekee. Ntiro aliendelea kuchora maisha ya Uchaggani kwa kumbukumbu: migomba, mlima, watu wadogo wengi wakifanya kazi pamoja. Jicho lililozoea picha za Ulaya laweza kudhani hakujua kuchora. Sivyo. Alikwisha kusoma Slade, kwa hiyo njia ile aliichagua mwenyewe. Hoja hii usiiache katika jibu lako.

Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, iliingia katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960.

Alifundisha Makerere, akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyeo hivi visikuchukulie muda mwingi. Rudi kwenye picha.

Zoezi: Linganisha mchoro mmoja wa mwambani na picha moja ya Ntiro. Eleza kila mchoraji alivyoonesha watu, na alichokiacha kwa makusudi.