Apolo Kivebulaya wa Boga

Asafiriye kutoka Kasulu kwenda Kibondo hupita katika nchi ya juu, yenye baridi asubuhi, na mpaka wa nchi nyingine hauko mbali. Boga nayo ni nchi ya namna hiyo, lakini iko mbali sana upande wa kaskazini, katika Kongo, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki. Kanisa la huko lilianza na watu wachache mno, na mwalimu wao alikuwa Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha. Katika ujana wake alikuwa Mwislamu kwa muda. Lakini mafundisho ya Mackay, yule mmisionari aliyekuwa fundi hodari, yalimkaa moyoni, akabatizwa mwaka 1895. Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya koti jekundu alilolivaa juu ya kanzu yake.

Mwaka 1896 alitumwa Boga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa na njaa, kwa kuwa Tabaro, mkuu wa nchi, hakutaka wapewe chakula. Apolo hakungoja kupewa. Alitwaa jembe, akalima shamba lake mwenyewe, na jioni akawafundisha kusoma wale waliothubutu kuja. Tabaro alipoona watu wanaongezeka akakasirika sana, na Apolo akapigwa na kuteswa.

Hata siku moja, katika kazi ya kujenga, dada yake Tabaro akaangukia mkuki uliokuwa umefichwa na majani, akafa. Apolo akashitakiwa kuwa amemwua, akavushwa milima akiwa mfungwa mpaka Toro. Katika siku hizo za taabu alimwona Kristo katika ndoto, anang'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Baadaye ikaonekana hana hatia, akafunguliwa. Mtu mwingine angalirudi kwao Buganda, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Apolo alirudi Boga. Tabaro mwenyewe akaja kusoma, mwisho akabatizwa.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Hakuoa. Alifanya kazi Toro miaka mingi, na katika muda huo mpaka ukabadilishwa, Boga ikawa chini ya Wabelgiji. Naye akavuka tena, akakaa huko hata mwisho. Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Alijifunza maneno yao, akaitafsiri Injili ya Marko kwa ajili yao. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe, lakini hakuhamia mjini.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Apolo aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Wakamzika vivyo hivyo. Mwaka 1972 Boga ikapata askofu wake wa kwanza.