Adriano Atiman, Tabibu wa Karema

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Chang'ombe, na vivyo hivyo Temeke na Kinondoni, mgeni akiingia sebuleni hupokewa kwanza na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyotundikwa ukutani. Kando yake huning'inia rozari, na juu ya kabati huwekwa chupa ya maji ya baraka. Siku ya Jumapili watoto huvikwa nguo safi, mama hujitanda kitenge cha chama chake, na baba huchukua bahasha ya zaka. Mambo hayo yote ni mema, wala hatutaandika neno la kuyadharau. Kanisa limetupa alama hizo kwa kuwa mwanadamu ana macho, na macho yake yahitaji msaada. Lakini hutokea pia, katika vyumba vya kupanga vya mitaa hiyo hiyo, mtu akaugua wiki mbili tatu, ukuta mmoja tu ukimtenga na nyumba yenye picha na rozari, wala hodi ya jirani isisikike mlangoni pake. Naye akifa ndipo tunapokusanyika na kuulizana kama alikuwa akihudhuria jumuiya, na kama kadi yake ya zaka ilikuwa imejazwa.

Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya leo tuwakumbushe wasomaji wetu habari za marehemu Adriano Atiman, aliyekuwa tabibu na katekista huko Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Karema ni mbali sana na Chang'ombe: ni mwisho wa nchi upande wa magharibi, katika eneo ambalo siku hizi ni la Jimbo la Mpanda. Wazee wa Ufipa na wa pande za Mpanda wanalijua jina lake tangu utoto wao. Vijana wa mjini yamkini hawajalisikia, nao ndio tunaowaandikia kwanza.

Atiman hakuwa mtu wa nchi yetu kwa kuzaliwa. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji kilicho karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Angali mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya utumwa, akatengwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara mpaka kaskazini, katika nchi ya Aljeria. Msomaji aliye na mtoto wa miaka minane au tisa nyumbani mwake amtazame kidogo, kisha aifikiri safari hiyo ya majuma mengi mchangani, katika mikono ya watu wanaomhesabu kama mzigo wa chumvi. Sisi hatuna maneno ya kuongeza hapo.

Mwaka 1876 alikombolewa na Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Aljeri, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mapadre hao walitoa fedha, wakamchukua mtoto, wakamtia shuleni.

Yatupasa kusimama hapa, maana pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Mtoto huyu alinunuliwa mara mbili. Mara ya kwanza alinunuliwa apate kutumikishwa, mara ya pili apate kuwa huru. Lakini machoni pa mtoto wa miaka kumi, fedha ni fedha, na mnunuzi ni mnunuzi. Angewezaje kujua tofauti? Na kama angeambiwa siku ile ile apige magoti apate ubatizo, angewezaje kukataa? Imani ya namna hiyo ingekuwa malipo ya deni tu, na mwenye kulipa deni huenda zake akimaliza.

Lavigerie aliijua hatari hiyo. Tena aliiona pia katika historia ya Afrika ya zamani, kwa kuwa umati wa watu waliowahi kubatizwa upesi upesi katika nchi nyingine walirudi walikotoka mara tu padre alipoondoka. Kwa hiyo akawawekea wamisionari wake sheria ngumu: atakaye ubatizo kwa kawaida asiupate kabla ya miaka minne ya kufundishwa na kuangaliwa mwenendo. Wamisionari wengi wa wakati ule waliiona sheria hiyo kuwa nzito kupita kiasi. Katika misioni za maziwa makuu mtu alivaa medali shingoni, watu wakamjua kwa medali hiyo kuwa yumo njiani, lakini bado aliambiwa angoje. Medali ilisema anataka. Haikusema amekwisha kuwa. Atiman naye hakubatizwa siku aliyokombolewa. Alingoja miaka, akakua, akajifunza kuwa hakuna anayemshika mkono kwa nguvu, ndipo akapokea ubatizo na jina la Adriano.

Kisha akapelekwa Malta. Katika kisiwa hicho kidogo cha bahari ya Mediteranea Lavigerie alikuwa amefungua mwaka 1881 nyumba ya kuwafundisha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Walisoma katika Chuo Kikuu cha Malta pamoja na vijana wa huko. Shabaha yake ilikuwa wazi: Mzungu akiingia kijijini watu humwogopa, au humstaajabia, na katika hali zote mbili hawamwambii yaliyo moyoni, bali tabibu Mwafrika, atakayeoa na kukaa kati yao, atafunguliwa milango yote. Kwa hiyo kila mmoja wao alifundishwa kazi mbili, kutibu mwili na kufundisha dini.

Mpango huo una hatari yake, nasi hatuoni faida ya kuificha. Dawa yaweza kugeuzwa chambo. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huwasha taa usiku ili kuwavuta samaki, na kunapokucha huzizima, kwa sababu kazi ya taa imekwisha. Mtu aweza kumfunga mgonjwa kidonda kwa nia ya namna hiyo, huku jicho lake likiangalia idadi ya watakaobatizwa Pasaka. Hata mwenyewe asijitambue. Wala tusidhani kwamba kila kijana aliyesoma Malta alitimiza matumaini ya mkubwa wake. Baadhi yao waliiacha kazi, na nyumba yenyewe haikudumu hata miaka 20. Elimu walipewa wote, na maji ya ubatizo yalikuwa ni yale yale.

Atiman alimaliza masomo, akaondoka mwaka 1888, mwaka ule ule Kardinali Lavigerie alipokuwa akizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kutoka pwani yetu alishika njia ya miguu kwenda bara, akafika Karema mwaka 1889. Msomaji ataona ajabu iliyopo. Mtoto aliyefukuzwa na utumwa kutoka kwao alipelekwa mahali ambapo utumwa ulikuwa haujaisha. Katika miaka ile vijiji vya ukingo wa ziwa vilikuwa vikivamiwa na watu wa Rumaliza, aliyekuwa na nguvu Ujiji, na misafara ya watumwa ilikuwa ikishuka pwani kupitia Tabora. Karema yenyewe ilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji kuwa ngome, wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na watu waliokimbia hatari walikimbilia kuta zake.

Tusimtungie mawazo asiyotuachia. Hatuwezi kusema moyo wake ulisema nini alipowaona watu waliofungwa kama alivyofungwa yeye. Twajua tu alichofanya: alifungua dawa zake akaanza kutibu. Kisha akaendelea kutibu kwa miaka 67.

Hesabu hiyo yafaa isomwe polepole. Alipofika, Wajerumani walikuwa bado hawajaishika nchi sawasawa. Aliwaona wakiitawala, akaiona Vita Kuu ya mwaka 1914, akawaona Waingereza wakishika utawala, akaiona na Vita ya Pili ikianza na kwisha. Malale ilienea katika ukingo wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, ikawahamisha watu wa vijiji vizima. Maaskofu walikuja na kufariki. Mhashamu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la pande zile tangu mwaka 1891, alimkuta Atiman yupo Karema, na alipofariki mwaka 1917 alimwacha yupo. Watoto aliowatibu wakawa wazee, wakamletea wajukuu wao. Taa ya mvuvi huzimwa alfajiri. Ya Atiman haikuzimwa, na mgonjwa aliyekataa mafundisho ya dini alifungwa kidonda kama yule aliyeyakubali. Kwa dalili hiyo sisi twathubutu kusema dawa yake haikuwa chambo.

Kazi ya mtu huyu haikuwa ya kutazamwa. Hakuwa na kanzu ya padre wala daraja takatifu. Hakuadhimisha Misa wala hakuketi kitini kuungamisha. Alikuwa mlei aliyeoa, mwenye shamba la kulima na nyumba ya kuezeka, na mchana wake uligawanywa kati ya wagonjwa na wanafunzi wa katekisimu. Usiku alikuwa wa mtu yeyote aliyembishia hodi, kama ilivyo kwa tabibu wa kijiji mahali popote. Mwenye elimu kama yake angeweza kutafuta riziki nzuri kwingine, hasa miji ya pwani ilipoanza kukua na watu wenye ujuzi wa dawa wakawa wachache. Alikaa Karema. Na sisi tuvaao kanzu, ambao heshima ya watu hututangulia mlangoni kabla hatujafanya lolote la kuistahili, tuna haja kubwa kuliko wengine ya kuyasoma maisha haya.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa jamaa ya kichifu katika kabila la Wabende. Hilo nalo si jambo dogo. Mtu asiye na ukoo, aliyeletwa na maji na jangwa, asiyeweza kumtaja shangazi wala mjomba wa kumsimamia, alipokelewa katika nyumba ya kichifu, akawa shemeji na mkwe wa watu. Utumwa huanza kwa kumvua mtu jamaa zake. Kwa ndoa hiyo Atiman alirudishiwa jamaa, naye akawa na watu wa kuwaita kwetu. Katika mahubiri ya ndoa hapa mjini husikika sana habari za gharama za sherehe na rangi za sare. Wafipa na Wabende wa wakati ule walikuwa na swali jingine la kumwuliza mwoaji, nalo ni kama atakaa.

Mwana wao Yosefu alisoma seminari akapewa upadre mwaka 1923, siku ambazo mapadre wazalendo wa Tanganyika walikuwa bado wa kuhesabika vidoleni. Watu hupenda kuitaja habari hii kama taji la maisha ya baba. Sisi twaiona kwa namna nyingine kidogo. Mtoto wa nyumbani ndiye shahidi asiyedanganyika: humwona baba yake akirudi amechoka, husikia asemavyo juu ya mgonjwa aliyemtukana, hujua kama sala ya jioni husaliwa hata pasipo mgeni. Baba aweza kuwahadaa waumini wa parokia nzima miaka mingi, lakini hawezi kumhadaa mtoto aliyelala chumba cha pili. Yosefu alikuwa ameyaona yote hayo, akachagua kuitumikia imani ile ile kwa maisha yake yote. Wazazi wanaotulalamikia kwamba watoto wao wameacha kwenda kanisani, nao ni wengi katika parokia za mjini, wana la kufikiri hapo. Hatusemi kila kosa la mtoto ni la mzazi. Neema ni ya Mungu na hiari ni ya mtu. Twasema tu kwamba mtoto huona.

Mwaka 1946, Atiman akiwa na umri wa miaka kama 80, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake kama alivyozisimulia mwenyewe. Jarida hilo lilisomwa hasa na maofisa na wasomi, watu waliozoea kusoma juu ya Waafrika na si kusoma kutoka kwao. Hivyo mtoto aliyevushwa jangwani bila kuulizwa jina alipata, katika uzee wake, nafasi ya kujitaja.

Na jina alilojitaja ni lile la kwao. Wakristu wengi wa siku zile waliyaacha majina yao ya kale, wengine kwa aibu, wengine kwa kulazimishwa na desturi. Yeye alipokea Adriano kwa furaha, wala hakulitupa Atiman. Katika vitu vyote alivyozaliwa navyo, lugha, kijiji, mama na baba, hilo ndilo lililovuka naye jangwa.

Alifariki Karema mwaka 1956, miaka mitano kabla ya nchi kupata Uhuru. Hakurudi tena kuishi ukingoni mwa Niger.