Ernst May: Msanifu wa jikoni za Frankfurt aliyeishia Nairobi

TANGU serikali iliponunua ekari 5,000 za shamba la Malili mwaka 2009 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, kituo cha Malili, katika Kaunti ya Makueni, kimeanza kubadili sura. Kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa zimeota nyumba za kupangisha zenye jikoni ndani, na makabati yaliyopigiliwa ukutani kabla ya mpangaji kufika. Mpangaji hana ruhusa ya kuyang'oa wala kuyapaka rangi. Anachoweza ni kununua karatasi ya nailoni yenye gundi nyuma, iliyochapwa mfano wa mbao au marumaru, akaibandika juu ya milango, na siku ya kuhama akaibandua.

Jikoni ya namna hiyo, ambayo makabati yake ni sehemu ya nyumba na si mali ya mkaaji, ina historia ndefu. Mmoja wa watu waliochangia zaidi kuieneza aliishi Afrika Mashariki karibu miaka ishirini, na wengi wanaopita mbele ya majengo yake hawalijui jina lake.

Ernst May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Alisomea usanifu wa majengo nchini mwake na Uingereza, ambako alifanya kazi chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji yenye bustani. Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimkabidhi idara nzima ya ujenzi. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeacha uhaba mkubwa wa makao, na familia za wafanyakazi zilirundikana katika vyumba vichache. Katika muda wa miaka mitano tu, May alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000.

Kasi hiyo isingewezekana kama kila nyumba ingebuniwa upya. May aliamua kwamba milango, madirisha, vitasa na hata kuta zitengenezwe kwa vipimo vya aina moja. Kwa upande wa jikoni alimwita msanifu kijana kutoka Vienna, Margarete Lihotzky, na mwaka 1926 mwanamke huyo akakamilisha kazi iliyokuja kuitwa Jikoni ya Frankfurt. Ni haki kusema wazi kwamba ubunifu ulikuwa wa Lihotzky. May alikuwa mwenye mamlaka aliyeufanya uingie katika maelfu ya nyumba.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo mno, mita 1.9 kwa 3.4. Lihotzky aliangalia jikoni za mabehewa ya treni, ambamo mpishi mmoja huandaa chakula cha abiria wengi bila kupiga hatua nyingi, akahesabu mwendo wa mama wa nyumba kutoka sinki hadi jiko. Kila kitu kilipata mahali pake. Kulikuwa na ubao wa kupigia pasi ulioshuka kutoka ukutani na kiti cha kuzunguka, pamoja na droo za alumini zilizoandikwa majina ya nafaka. Pipa la unga lilikuwa la mbao za mwaloni, zinazosaidia kufukuza wadudu. Makabati mengi yalipakwa rangi ya buluu iliyokolea kijani kwa kuwa iliaminika kwamba nzi hawaipendi.

Rangi hiyo, kama makabati yenyewe, iliamuliwa na wataalamu. Gharama ya jikoni iliingizwa katika kodi ya nyumba, na mpangaji aliikuta imekwisha kufungwa. Wako walioishukuru, maana ilipunguza uchovu. Wako pia walionung'unika: haikutosha watu wawili, mtoto hakuwa na pa kukaa karibu na mama yake, na kabati la urithi kutoka kwa bibi halikupata nafasi. May aliyaona malalamiko ya aina hiyo kuwa mazoea ya zamani yanayohitaji kufundishwa upya. Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, nao ulimfuata hadi Afrika.

Mwaka 1930 aliondoka na kundi la wasanifu, Lihotzky akiwemo, kwenda Muungano wa Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Kazi haikwenda alivyotarajia. Mkataba ulipokwisha mwaka 1933, chama cha Hitler kilikuwa kimetwaa madaraka Ujerumani, na mtu mwenye damu ya Kiyahudi katika ukoo wake, tena aliyewatumikia Wasovieti, hakuwa na kwao pa kurudi. Akafunga safari hadi Tanganyika na kuwa mkulima karibu na Arusha.

Ukulima haukumshika. Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kurudia usanifu. Vita vya Pili vilipozuka, Waingereza hawakujali kwamba alikuwa amemkimbia Hitler; kwao alikuwa raia wa nchi adui. Alizuiliwa kambini Afrika Kusini kwa takriban miaka miwili.

Alipoachiliwa alipata kazi kubwa zaidi za maisha yake ya Kiafrika. Alichora mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, akabuni hospitali ya wazazi ya Aga Khan mjini Kisumu, jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi na hoteli ya Oceanic mjini Mombasa. Kuta nyingi alizipa vizuizi vya jua na mianya ya kupitisha upepo, jambo ambalo baadhi ya wajenzi wa leo wamelisahau kwa kupenda vioo.

Kwa Waafrika alibuni, mwaka 1945, nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kabla. Mbavu za zege zilizopinda zilisimamishwa kwanza, kisha vibamba vikatundikwa juu yake kama mtu anayevisha mifupa ngozi. Umbo lake la mviringo lilikusudiwa kukumbusha nyumba za jadi. Hata hivyo, mpango wake wa Kampala uliendelea kuwatenga watu: Naguru ya Waafrika, Kololo ya wengine. Aliwatazama Waafrika kama wanafunzi watakaofundishwa hatua kwa hatua kuishi mjini, kama alivyowatazama mama wa Frankfurt na makabati yao.

Hali ya Kenya wakati wa vita vya Mau Mau ilipozidi kuwa ngumu, May alirejea Ujerumani na kuanzia 1954 alifanya kazi Hamburg, akipanga mitaa mikubwa ya makao. Alifariki katika mji huo tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Wakati huo wapangaji wa Frankfurt walikuwa wamekwisha kufanya walivyotaka. Baada ya vita vya pili fomaika, iliyoanza mwaka 1913 nchini Marekani kama kihami cha umeme, ilikuwa imegeuka pambo la jikoni, na mafundi waliweza kuvisha mbao za bei nafuu sura ya mti wa thamani. Jikoni nyingi za Lihotzky zilipakwa rangi nyingine, nyingi zaidi ziking'olewa na kutupwa. Chache zilizosalia sasa zinatunzwa katika majumba ya makumbusho, na katika mtaa wa Römerstadt, mjini Frankfurt, nyumba moja yenye jina la May imerejeshewa jikoni yake ya awali ili wageni waione.