Leonhard Euler: Kipofu Aliyelipimia Gurudumu

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alimtazamia amrithi madhabahuni. Ni Johann Bernoulli, mwanahisabati, aliyemshawishi mzee huyo amwachie kijana njia yake. Mwaka 1727 alihamia St. Petersburg, mwaka 1741 akaenda Berlin, na mwaka 1766 akarejea Urusi.

Wanazuoni waliomtangulia walikwisha kuielewa kani inayosukuma kitu kwenye mstari ulionyooka. Kitu kinachozunguka kiliwatatiza zaidi, kwa kuwa sehemu zake haziendi kwa kasi moja. Katika kitabu cha Kilatini cha mwaka 1765, Euler alikipa jina kile kinachopinga badiliko la mzunguko: momenti ya inesha. Mwanafunzi wa istilahi hana budi kusita hapa, maana dhana hiyo ilishikika vizuri zaidi ilipopata jina.

Mtu anayechukua maji ya Mto Tana kwa mkokoteni wa punda mjini Garissa huinua gurudumu lisiguse ardhi anapolitengeneza. Tuseme lina tungamo la kilo 10, karibu lote likiwa ukingoni, sentimita 30 kutoka kitovuni. Inesha yake ni 10 × 0.3 × 0.3, yaani 0.9. Akiusukuma ukingo kwa kani ya niutoni 6, momenti ya kani ni 6 × 0.3, yaani 1.8. Gawanya 1.8 kwa 0.9: mchapuko wa mzunguko ni radiani 2 kwa sekunde kwa kila sekunde, msuguano ukiwekwa kando. Akilisukuma kwa kani ileile sentimita 15 tu kutoka kitovuni, atapata nusu yake. Mkono wake unalijua hilo bila Kilatini.

Jicho la kulia la Euler liliharibika tangu miaka ya 1730. La kushoto likafunikwa na mtoto wa jicho aliporudi Urusi. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea, naye akaokolewa na Peter Grimm, mtu wa Basel kama yeye, aliyembeba begani. Upasuaji wa mwaka huohuo ulimrudishia nuru kwa muda mfupi tu. Tangu hapo alitamka hesabu kutoka kichwani, wanawe na wasaidizi wakiandika, na takriban nusu ya kazi zake ni za kipindi cha baada ya kurejea Urusi. Wengi huisifu kumbukumbu yake. Mimi naona waandishi wale nao wanastahili kutajwa zaidi.

Alifariki tarehe 18 Septemba 1783, siku ambayo alikuwa akijadili njia ya Uranus, sayari iliyogunduliwa miaka miwili tu kabla.